Nusu ya Neno la Siri

Seva ya shirika la Tuonane Tena ilikufa asubuhi moja wakati umeme upo. Hilo ndilo lililowashangaza wote. Katika mji wa Bunia, jimboni Ituri, watu wamezoea mashine kuzimika umeme ukikatika, na wanavumilia. Lakini asubuhi hiyo taa zilikuwa zinawaka, feni ya mkubwa wa shirika ilikuwa inazunguka, redio ya jirani ilikuwa inahubiri kwa sauti yote. Seva peke yake, katika chumba chake kidogo nyuma ya ofisi, ilikuwa kimya, ikinuka kama plastiki iliyosahauliwa karibu na mbabula ya makaa.

Nje, kwenye veranda, mabenchi yalikuwa yamejaa. Shirika lilikuwa na kazi moja tu katika mtaa wa Lumumba: kutafuta watu waliopotezana na ndugu zao wakati wa kukimbia vita. Majina yao, picha za watoto, mahali walipoonekana, namba za simu za wanaowatunza, vyote vilikuwa ndani ya ile seva. Wafanyakazi wanaozunguka vijijini walikatazwa kubeba jina lolote katika simu zao, maana simu hupekuliwa kwenye vizuizi, na jina la mtu likiangukia mikono mibaya linaweza kumwua mwenyewe. Kila habari iliingizwa kwenye seva, kisha ikafutwa kila mahali pengine. Ilikuwa kanuni nzuri. Hakuna aliyepata kuilaumu mpaka siku hiyo.

Mbele kabisa ya benchi alikaa Mama Joyeuse. Alikuwa ametoka Bule zamani kidogo, akikimbia na watoto wawili, akafika Bunia na mmoja. Juzi Assani, mmoja wa wale wazungukaji wa vijijini, alikuwa amemwita: kule Aveba kulikuwa na msichana anayejua jina la mama yake na jina la mbuzi wao. Mama Joyeuse alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, na ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na gauni dogo alilolikadiria kwa macho, kwa kuwa hakujua mtoto amekua kiasi gani.

"Mama, utarudia kesho," Assani alimwambia, akitazama chini.

"Kesho juu ya nini? Mulinambia leo."

"Machine imekufa."

"Machine ya nani?"

"Ya siye. Ile yenye kuwa na majina."

Mama Joyeuse alifikiri kidogo. "Weye mwenyewe si ulimuona mutoto?"

"Nilimuona, mama. Lakini nilipita manyumba mingi, na ile siku mvua ilikuwa inanyesha. Namba ya wale batu nilifuta. Ndio règlement, sheria ya kazi. Na barabara ya kule kwa sasa wamefunga, kunapigwa vita."

"Basi nitangojea hapa," Mama Joyeuse alisema, akauweka mfuko wake mapajani.

Ndani ya ofisi, Bwana Laurent, mkubwa wa shirika, ambaye wote walimwita Coordo, alikuwa anamtazama fundi wake Kambale kama mtu anayemtazama daktari mlevi.

"Si kuko copie ya majina?"

"Copie iko, Coordo. Kila siku serveur inajicopiaka ku disque yenye kuwa mu coffre, ile kasha ya kufuli."

"Basi fungua."

"Disque imefungwa na mot de passe, neno ya siri. Mot de passe iko na vipande viwili. Miye niko na nusu."

Coordo alikumbuka, na uso wake ukabadilika. Miaka michache nyuma mtaalamu mmoja alikuja kuwafundisha kulinda majina ya watu. Alisema neno la kufungulia akiba lisijulikane na mtu mmoja, ligawanywe kwa watu wawili, na hao wawili wasiwe wa kuelewana upesi, wasije wakala njama. Ofisi nzima ilicheka. Kwa wakati ule hakukuwa na watu wasioelewana kama Kambale, fundi wa mashine, na Dorcas, mtunza faili. Walikuwa wanagombana kila siku: juu ya feni, juu ya ufunguo, juu ya nani ameacha mlango wazi. Mtaalamu alifurahi. Kila mmoja alipewa atunge nusu yake na kuificha kichwani. Coordo mwenyewe alitia sahihi.

Baadaye wale wawili wakaoana. Ofisi ilichanga, ikala pilau, ikacheza. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba siku hiyo usalama wa majina ya watu wote waliopotea Ituri ulikuwa unalala kitanda kimoja.

"Basi mwambie bibi yako akupatie nusu yake," Coordo alisema.

"Hawezi kunipatia. Tangu tuoane hajawahi kunambia. Anasemaka ni règlement."

Coordo alikohoa. Dorcas hakuwa mfanyakazi wao tena. Alipokwenda kujifungua, Coordo alimwandikia ujumbe mfupi kwenye simu kwamba nafasi yake imefungwa, Mungu ambariki pamoja na mtoto. Wakati huo Dorcas alikuwa hospitalini bado. Yale maneno ya baraka ndiyo yaliyomwuma kuliko yote.

"Nitaenda kumuona mimi mwenyewe," Coordo alisema hatimaye. "Na jambo lingine. Wafadhili wanamtuma ingénieur kutoka Kisangani, mademoiselle mmoja anaitwa Ornella. Anataka kusoma journal ya machine, ajue nini imeiua."

Kambale aliitika.

Ile seva ilikuwa na tabia ya kujiandikia afya yake. Ndani yake mlikuwa na kidude kisicholala, kinachoandika kila kitu: joto limepanda, feni imechoka, umeme umeingia kwa nguvu, umeme umepungua, mtu amefungua mfuniko. Kambale ndiye aliyekipanga, na alikuwa akijivunia mbele ya wageni kwamba mashine yake haiwezi kufa bila kumtaja aliyeiua. Kile kidude kilikuwa kimeungua pamoja na vifaa vingine. Lakini kila siku yale maandishi yalinakiliwa katika diski ya akiba, pamoja na majina ya watu, chini ya kufuli lile lile. Diski ikifunguliwa, vyote vingetoka pamoja.

Na Kambale alijua kilichoandikwa.

*

Nyumbani, Dorcas alikuwa anafunga juisi katika vifuko. Tangu alipopoteza kazi aliishi kwa frigo: juisi ya maracuja kwa watoto wa shule, barafu kwa wenye harusi, na samaki wa Kasenyi aliowahifadhia akina mama wa sokoni. Frigo ya kwanza iliungua baada ya umeme kuruka. Dorcas alilia kama aliyefiwa. Aliponunua ya pili, Kambale alimletea stabilisateur, sanduku zito la chuma linalotuliza umeme kabla haujaingia katika mashine. Alisema ameipata kwa mtu anayehama. Dorcas aliisugua vumbi, akaifunika kitambaa cha kufuma, akamsifu mumewe mbele ya wakwe.

"Coordo atakuja hapa kesho," Kambale alisema, amembeba mtoto wao Élisée begani.

"Coordo gani? Ule wa kubariki batu na téléphone?"

"Serveur imekufa. Wanataka nusu yako."

Dorcas aliacha kufunga. Kicheko kilimpanda, akakizuia kwa sababu ya mtoto aliyekuwa anasinzia. "Mungu uko muzuri," alisema. "Kumbe miye niko bado na kazi pale, nilikuwa sijui tu."

Kambale alizunguka chumbani. Alimlaza mtoto, akarudi, akakaa, akasimama.

"Mama Élisée, unaweza pia kusahau."

"Kusahau nini?"

"Hiyo nusu. Siku mingi imepita. Mutu anazaa, anasahau bitu mingi. Hakuna mwenye kukukamata juu ya kusahau."

"Miye nisahau?" Dorcas alikasirika kwanza kwa ajili ya heshima ya kichwa chake. "Ni miye nilikuwa napiga wale batoto photo. Hata sasa nikifunga macho ninaweza kukutajia nani alikuwa na kovu ku shavu, nani alikataa kuvua kofia. Na unanambia nisahau?" Kisha akamtazama vizuri. "Juu ya nini unataka nisahau?"

Kambale alisema hakuna sababu. Lakini macho yake, ambayo hayakuwa na mafunzo yoyote ya usalama, yalikwenda yenyewe kwenye pembe ya chumba, chini ya kile kitambaa cha kufuma.

Dorcas aliyafuata. Alikwenda, akafunua kitambaa. Upande wa nyuma, uliogeuziwa ukutani, kulikuwa na namba za rangi nyekundu. Alizifahamu mara moja. Ni yeye aliyezipaka, kwa brashi, siku walipohesabu mali ya ofisi.

"Baba Élisée. Hii imetoka ku serveur?"

"Nilikuwa nataka kuirudisha. Nilisema wiki moja tu, mpaka nipate ingine. Wiki ilipita, machine haikulalamika. Nikasema tena moja."

"Haikulalamika?"

Kambale aliinamisha kichwa. "Ililalamika. Kila siku ilikuwa inaandika. Mwisho nikafunga ile sauti, ilikuwa inapiga kelele wakati wa réunion."

"Na juu ya nini ulifanya hivi?"

"Juu ya weye! Ulilia siku tatu juu ya frigo!"

"Nilikuomba stabilisateur," Dorcas alisema polepole. "Sikukuomba ya batoto ba batu."

Walilala wakiwa wamepeana migongo. Frigo iliendelea kunguruma vizuri sana, umeme wake umetulia.

*

Coordo alikuja na gari la shirika, na kwa kuwa njia ya kwao ni nyembamba, gari lilifunga mtaa mzima. Majirani walitoka kuangalia ni nani amekufa. Alikuwa na sukari na sabuni mkononi, kama mtu anayekwenda kumwona mzazi, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa anatembea tayari.

Dorcas alimpa kigoda. Kilikuwa kigoda pekee kilichobaki, kifupi, na Coordo ni mtu mrefu. Alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Kila alipofungua mdomo, mtoto mmoja wa shule aliingia kuomba juisi, na Dorcas alimhudumia kwanza.

"Mama Élisée, zamani tulikosa njia kidogo..."

"Ngoja, Coordo. Ya maracuja ama ya ananas?" Hilo halikuwa swali kwa Coordo. "Ananas imeisha, twaa hii. Coordo, unisaidie kumupatia, miye mikono iko na maji."

Coordo alichukua kifuko cha juisi, akampa mtoto. Mtoto akamwambia aksanti, papa. Nje watu walicheka.

Akitafuta mahali pa kuweka kofia yake, aliona lile sanduku la chuma pembeni. Kitambaa kilikuwa hakijarudishwa, na upande wa nyuma ulikuwa umegeuzwa tangu jana. Kambale, aliyesimama mlangoni, alimfuata kwa macho. Coordo alilitazama sanduku kwa muda mfupi, akaiweka kofia juu yake, ukingo ukaning'inia mbele ya zile namba nyekundu. Kisha akamgeukia Dorcas kama kwamba hakuona kitu.

"Nikuambie ukweli. Bila weye tumekwama. Kuko mama mmoja ku veranda, analala pale na mufuko wa mutoto. Batu ya kanisa inamuletea chakula. Inaonekana mubaya sana."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mutu," Coordo alisema haraka.

Dorcas alijifuta mikono kwa kitenge. Katika miezi yote aliyokaa nyumbani alikuwa ametunga hotuba kwa ajili ya siku kama hii. Ilikuwa na maneno makali, na sehemu moja ya Kifaransa. Sasa, akimwona Coordo amekunjana juu ya kigoda, na mumewe mlangoni amegeuka rangi ya jivu, hotuba haikuja.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nitaandika miye mwenyewe, na wakati nikiandika hakuna wa kuangalia. Hata weye. Hata huyu."

"Ndio règlement," Coordo alisema kwa furaha.

Alipoondoka Kambale alishika mkono wa mkewe. "Unajua watanifukuza."

"Najua."

"Na frigo?"

"Najua pia, Baba Élisée. Wacha nivae."

*

Mademoiselle Ornella alikuwa amekuja na mashine nyingine ya kuazima na nyaya zake katika begi. Alikuwa msichana mwenye adabu, asiyetabasamu kazini. Aliwageuza wote watazame ukuta, akamwachia Kambale kiti. Kambale aliandika nusu yake. Kisha Kambale akatazama ukuta, na Dorcas akakaa. Kambale, akiwa ameegemeza paji la uso karibu na kalenda ya mwaka uliopita, alijikuta anaomba mambo mawili yasiyopatana, na alimwonea huruma Mungu kidogo.

Kisha vidole vya Dorcas vilipita juu ya herufi, upesi, bila kusita hata mara moja.

Diski ilifunguka.

Majina yalirudi, moja chini ya jingine. Dorcas hakungoja ruhusa. Alitafuta Joyeuse, jina aliloambiwa na yule mama wa veranda, na picha ikatokea: msichana wa miaka kama saba, amekunja uso kwa ajili ya jua, amesimama mbele ya ukuta wa udongo. Chini yake namba ya simu. Dorcas aliiandika mkononi mwake kwa kalamu, jambo ambalo kanuni ilikataza kabisa, akatoka mbio kwenda veranda.

Ornella alibaki na yale maandishi mengine. Aliyasoma kwa utulivu, akiteremka ukurasa baada ya ukurasa.

"Mashine hii ilipiga kelele sana," alisema. "Umeme ulikuwa unaingia vizuri, kisha kuanzia hapa unaruka kila siku. Kama vile kitu kilichokuwa kinaulinda kiliondolewa. Hapa pia batri za dharura zinaonekana hazipo. Hizo ziliondoka mapema zaidi. Mashine inasema hazipo, hazipo, hazipo."

Kambale alisimama wima. "Mademoiselle, nataka kusema kitu."

"Mademoiselle Ornella," Coordo alimkatiza, "haujakunywa hata kitu. Assani! Mupeleke mademoiselle pale mbele, achague sucré yenye baridi."

Ornella alisita, akawatazama wote wawili, akatoka. Coordo alifunga mlango.

"Unataka kusema nini?"

"Stabilisateur niliitwaa miye. Iko kwangu."

"Najua. Niliiona."

"Basi nifukuze. Andika rapport."

Coordo alishusha pumzi kama baba mwenye mtoto mgumu. "Kambale. Nikiandika ni nani alitwaa stabilisateur, watauliza ni nani alitwaa mabatri. Nyumba yangu iko na taa usiku wote. Ulijiulizaka juu ya nini?" Alimgusa bega. "Kwako nyumbani niliweka chapeau yangu juu ya namba. Sasa weye nayo weka chapeau juu ya yangu. Courant ya Bunia ni mubaya, kila mutu anajua. Tutaandika courant."

"Lakini kuko batu walio..."

"Majina si imerudi? Nani amekufa?"

Taarifa ilipoandikwa ilisema kwamba kifaa kiliharibika kutokana na hali ya umeme isiyo tulivu katika eneo. Ornella aliisoma mara mbili. Hapakuwa na neno la uongo hata moja, akatia sahihi.

Kwenye veranda Dorcas alikuwa amemshikia Mama Joyeuse simu sikioni. Iliita, ikaita, mwanamume akaitika kwa sauti ya upepo. Ndiyo, alimfahamu mtoto. Alikuwa kwa jirani yake. Lakini jirani alishahama, jana jioni, na watu wake wote, risasi zilipokaribia. Pengine wamekwenda upande wa Komanda. Pengine mbali zaidi. Mtoto? Walikwenda naye, wangemwacha na nani?

"Jana jioni," Mama Joyeuse alisema.

Alikuwa kwenye benchi lile tangu kabla ya hapo. Aliukunja mfuko wake vizuri. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa nitangojea hapa ama nyumbani?" na Dorcas, aliyekuwa na maneno kwa ajili ya kila mtu, aliketi kando yake kwenye benchi.

*

Kesho yake mchana Dorcas alimtolea mumewe stabilisateur mlangoni.

"Nitaipeleka na gari la bureau ikipita," Kambale alisema.

"Utaipeleka sasa, na pikipiki."

Alipanda nyuma ya pikipiki na sanduku mapajani, zito kama mtoto wa ng'ombe, namba nyekundu zikiwatazama watu wote wa barabarani. Sokoni walikwama nyuma ya lori. Watu waliofahamiana naye walimpigia makofi. "Ee Kambale! Umenunua stabilisateur! Kazi ya ONG ni tamu!" Alijaribu kutabasamu. Mwenye pikipiki naye akamwuliza kama anaweza kumtafutia moja ya bei nzuri. Ofisini mlinzi alimsaidia kuishusha, akamwambia pole kwa kazi, chef, unajitoa sana.

Dorcas aliuza frigo kabla umeme haujaiua. Alirudia kukaanga beignets, maandazi ya mafuta, asubuhi, moshi ukimwingia machoni. Hakumtukana mumewe hata siku moja. Alimpikia, alimsalimia, alimwitikia. Kambale angependa zaidi matusi.

Usiku mmoja alimwuliza, "Utanifanya hivi mpaka lini?"

"Sikufanyi kitu. Mama Joyeuse alipita leo kununua beignets. Bado hawajamuona."

Kisha ikaja habari njema, na ilikuja kwa Kambale. Wafadhili, waliposoma kwamba majina yote yameokolewa katika mazingira magumu, waliamua kutoa cheti cha uangalifu kwa mtu aliyepanga ile akiba. Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa parokia, na viti vya plastiki, na maua ya karatasi. Coordo alihutubia kwa muda mrefu. Alisema kwamba hata Mama Joyeuse, aliyekaa pale nyuma, alikuwa ni tunda la kazi ile, kwa sababu mtoto wake "amekwisha kutambuliwa". Watu waligeuka kulitazama lile tunda. Mama Joyeuse alitazama mbele.

Kambale alipoitwa alipanda jukwaani, akapokea cheti kilichotiwa kioo, akashika kipaza sauti kwa mkono mwingine. Alikuwa hakulala. Aliona mkewe safu ya tatu, mtoto mapajani, uso wake umetulia kama uso wa mtu anayengoja zamu hospitalini.

"Ndugu zangu," alisema, "hii kitu si yangu. Ile machine haikufa na courant. Ni miye niliiua. Nilitwaa stabilisateur yake, nikaipeleka kwangu nyumbani, ku frigo. Machine ilikuwa inanambia kila siku kama inaumwa, nikaifunga kinywa. Kama si miye, kuko batu wangeshakuwa na batoto wao. Nilikosea. Ndio ile nilitaka kusema."

Coordo alishika viegemeo vya kiti. Kisha mtu mmoja upande wa kushoto alianza kupiga makofi. Mwingine akafuata. Wakasimama. Padri alikuwa anafuta macho. Alichukua kipaza sauti, akasema hivi ndivyo Mkristo wa kweli anavyojishusha, anapopewa sifa anajitwika hata makosa ya umeme wa mji. Kwaya ikaanza kuimba. Coordo alipiga makofi kuliko wote, na jasho lilikuwa linamtiririka kwa furaha.

Njiani kurudi, Kambale alibeba cheti chini ya kwapa kama kitu cha wizi.

"Nilisema ukweli," alisema. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia," Dorcas alijibu. "Shida ni kwamba ulisema vizuri."

Baada ya hatua kidogo alihamishia mtoto begani kwa mumewe, maana alikuwa mzito, na wakatembea hivyo mpaka nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kutembea bega kwa bega. Kambale hakuthubutu kuligusa jambo hilo kwa neno.

Mmoja tu ukumbini hakupiga makofi. Dorcas alikuwa amegeuka wakati watu wote wamesimama, akamwona amekaa, mikono juu ya mfuko wake, akimtazama Kambale kwa makini, kama mtu anayeshika uso asije akausahau.

*

Joyeuse alipatikana mvua zilipokuwa zinaanza. Wale waliomtunza walikuwa wamefika Komanda, kisha wakarudi nyuma, kisha wakafika kambi nyingine, na katika kuzungukazunguka huko mtoto alikuwa ameugua na kupona. Assani ndiye aliyemwona, na safari hii aliandika nyumba kwa alama zake zote. Shirika lilimleta Bunia kwa gari, na mpiga picha akiwemo. Coordo alisimama katikati ya picha.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Kambale alikuwa anapasua kuni nje, Dorcas ameinamia karai la mafuta. Mama Joyeuse aliingia uani bila kubisha, amevaa kitenge kile kile, amemshika mkono msichana mwembamba mwenye nywele zilizosukwa upya. Gauni alilovaa lilikuwa fupi, halikufika magotini. Alikuwa amekua kupita makadirio.

Dorcas alisimama, mikono imejaa unga. "Mama Joyeuse! Karibu. Mungu wangu, ni yeye huyu?"

"Ni yeye," Mama Joyeuse alisema. "Hatukai. Tunapita tu kusalimia."

Alimsukuma mtoto taratibu mbele, mpaka mahali Kambale alipokuwa amesimama na shoka. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Alizungumza kama mtu anayemjulisha mtoto kwa ndugu ambao alikuwa hajakutana nao.

"Joyeuse, salimia papa. Ni huyu alikukawisha."

Msichana alimtazama Kambale kutoka chini hadi juu. Alikuwa amepita katika nyumba nyingi za watu, na alikuwa amejifunza adabu za kila mahali. Alipiga goti kidogo, akanyoosha mkono wa kuume, na ule wa kushoto akaushikiza kwenye kiwiko, kama wanavyosalimiwa wakubwa.

"Jambo, papa," alisema, na akangoja aitikiwe.